Kutoka Maiki hadi Mahakamani na Barazani: Njia ya Mtangazaji wa Bumbuli

Februari 6, 2008, Dk. Harrison Mwakyembe alisimama bungeni mjini Dodoma akasoma taarifa ya Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Mtikisiko ule unakumbukwa na kila aliyekuwa na redio. Yasiyokumbukwa sana ni mawili: hoja iliyozaa kamati ile ilitolewa na mbunge wa Bumbuli wa wakati huo, William Shellukindo, na aliyeisoma taarifa alikuwa amesomea uandishi wa habari, kisha sheria, akafundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndipo akaingia kwenye siasa.

Kuna la tatu, nalo ndilo lenye faida kubwa kwako wewe mtangazaji. Lowassa aliondoka akilalamika kwamba kamati ilimtaja bila kumwita na kumhoji. Uwe upande wake au usiwe, lalamiko hilo linaegemea Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu, inayompa mtu haki ya kusikilizwa pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Mtangazaji hulijua jambo hili kama adabu ya kazi: kabla hujarusha, mpigie simu anayetuhumiwa. Mwanasheria hulijua kama kitu kinachoweza kuuangusha uamuzi mzima. Mwanasiasa mara nyingi hulikumbuka siku anapotuhumiwa yeye.

Nawaandikia watangazaji wa redio zinazosikika huku milimani, kuanzia Lushoto na Soni hadi Bumbuli, Vuga, Mgwashi na Mponde. Ukipita kwenye gulio la Soni, mama anayeuza mapeasi anakutambua kwa sauti kabla hajainua macho. Wazee wanakwambia, mwanetu, wewe ungetufaa, gombea. Maneno hayo ni matamu, na hayasemwi kwa unafiki. Lakini msimamo wangu ni kwamba usichukue fomu bado. Pitia sheria kwanza, na uianze safari hiyo ukiwa bado hewani.

Jina linafungua mlango tu

Watangazaji walioingia kwenye siasa Afrika Mashariki si wachache. Amina Chifupa alitoka Clouds FM akaingia bungeni mwaka 2005 kwa viti maalumu kupitia vijana wa CCM, akasimama waziwazi dhidi ya biashara ya dawa za kulevya. Alifariki Juni 2007, kijana kabisa. Juma Nkamia, ambaye sauti yake tuliizoea kwenye michezo, alichaguliwa ubunge mwaka 2010 huko Kondoa Kusini, akawa naibu waziri wa habari mwaka 2014. Kenya, Mohamed Ali wa Jicho Pevu alichukua ubunge wa Nyali mwaka 2017. Uganda, Betty Nambooze alijulikana kwa wasikilizaji wa Kiganda kupitia CBS, redio ya Buganda, kabla ya kushinda uchaguzi mdogo wa Mukono mwaka 2010.

Lakini ninayetaka umtazame kwa makini ni Joel Ssenyonyi, wa Uganda pia. Alikuwa mtangazaji wa NTV Uganda, na ni mwanasheria. Mwaka 2021 akachaguliwa mbunge wa Nakawa Magharibi, na chama chake kikampa uenyekiti wa kamati ya Bunge inayokagua mashirika ya umma. Kazi yake pale ilikuwa kuwaweka wakurugenzi kitako na kuwahoji mbele ya kamera, wakiwemo wa shirika la ndege la nchi yao. Anayemfuatilia anaona mafunzo mawili yakifanya kazi pamoja. Swali fupi, lisilo na hotuba ndani yake, ni la studio. Kudai nyaraka, kumrudisha shahidi kwenye kauli yake ya awali, kutomruhusu akimbilie jambo jingine, hayo ni ya mahakamani. Mwanzoni mwa 2024 akawa Kiongozi wa Upinzani bungeni. Sauti peke yake isingemfikisha hapo, na vyeti peke yake pia visingemfikisha.

Anza na simu ya msikilizaji

Mafunzo ya sheria hayaanzi chuoni. Yanaanza asubuhi unapofungua laini za simu.

Chukua simu ambayo kila mtangazaji wa milimani ameipokea. Mama anapiga analia: shamba la marehemu mumewe, lenye migomba na chai kidogo, shemeji amelichukua, masale ya mpakani yameng'olewa. Mtangazaji aliyezoea anajua la kufanya. Anamwacha mama alie kidogo, anasema pole sana mama, anamtaja mwenyekiti wa kijiji, anaahidi kufuatilia, anaweka wimbo. Wasikilizaji wanasikitika. Mama anakata simu akiwa pale pale alipokuwa.

Sasa mpokee mama huyo kwa namna nyingine. Baada ya kipindi, mpigie nje ya hewa, uwe na kalamu. Mumeo alifariki mwaka gani? Shamba alilipataje, alirithi, alinunua, au aligawiwa na kijiji? Kuna karatasi yoyote, hata ya mauzo iliyoandikwa kwa mkono? Nani walikuwepo mpaka ulipopandwa, na wangapi kati yao bado wako hai? Shemeji ameingia lini? Umeshakwenda baraza la kata? Ukienda, uliandikiwa chochote? Mirathi imefunguliwa?

Kila swali hapo lina sheria nyuma yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyeridhika na uamuzi wa baraza la wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Aliyeshindwa mahakama ya mwanzo ana siku 30 kwenda mahakama ya wilaya. Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Kwa maoni yangu, watu wengi huku kwetu hawapotezi mashamba kwa sababu hawana haki. Wanapoteza kwa sababu siku zilipita wakiwa wanangoja mkubwa fulani arudi kutoka safari. Kipindi kimoja cha dakika 15 kila wiki kinachoeleza tarehe na hatua tu, bila kumtaja mtu wala kumpigia debe yeyote, kitaokoa mashamba mengi kuliko vilio 100 vilivyorushwa hewani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kubadili daftari lako. Kwa kila kisa kinachokujia, andika tarehe, mahali, nyaraka iliyopo, nyaraka inayokosekana, upande wa pili ulisema nini na ulimtafuta lini. Usiweke kisa hewani mpaka sehemu ya upande wa pili ijazwe, hata kama kilichojazwa ni kwamba alitafutwa mara kadhaa akakataa kuzungumza. Ukifanya hivyo kwa mwaka mzima utakuwa umejifunza kupima ushahidi, na baraza la madiwani litakuwa limeanza kukuogopa kwa sababu nzuri.

Hatua ya pili ni kujifunza kusoma karatasi za Serikali. Halmashauri ya Wilaya ya Bumbuli imekuwa ikijitegemea kutoka Lushoto tangu mwaka 2013. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi na waandishi. Kaa mpaka mwisho, usiondoke na hotuba ya ufunguzi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufikishwa bungeni Aprili, na ndani yake halmashauri zinatajwa kwa majina. Kuna sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata taarifa, inayomtaka ofisa akujibu ndani ya siku 30. Andika barua, ipeleke masjala, omba muhuri kwenye nakala yako. Uliza fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani, zile za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Vikundi vingapi vya Milingano vimepata? Vya Funta? Nakala yenye muhuri ina nguvu kuliko kelele, kwa sababu siku ya 31 unaweza kusema hewani kwamba barua ilipokelewa na jibu halijaja, na unachosema ni kweli iliyo kwenye karatasi.

Ukitaka zoezi zito zaidi, tengeneza jalada la kiwanda cha chai cha Mponde. Kilifungwa 2013 katika mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, Serikali ikakitwaa mwaka 2016, na miaka mingi ikapita kabla hakijafufuliwa kwa fedha za mifuko ya PSSSF na WCF. Katikati ya hayo majani yalikomaa shambani bila mnunuzi na watoto wakakosa ada. Kusanya mikataba iliyo wazi kwa umma, hotuba za bungeni zilizo kwenye kumbukumbu rasmi, kauli za wakulima na za mwekezaji. Panga kwa tarehe. Jiulize kama wakili: nani alikuwa na wajibu gani, kwa karatasi ipi, na aliukiuka siku gani? Jiulize kama diwani: fedha za kulipa wakulima zingetoka kifungu kipi? Ukiweza kulijaza jalada hilo bila hasira, umeshaiva nusu.

Chuo kiko mlimani hapo hapo

Wilaya ya Lushoto ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, IJA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kipo Lushoto mjini. Kinafundisha astashahada ya sheria kwa mwaka mmoja na stashahada kwa miaka miwili. Vijana wanatoka Mwanza na Mtwara kuja kusoma hapo, na wewe unapita langoni kila ukienda mjini. Mwenye cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu unaotakiwa anaweza kuanzia astashahada; angalia masharti ya mwaka husika kabla hujalipa chochote. Ukitoka na stashahada nzuri, mlango wa shahada uko wazi, na kwa mwenye kazi na familia Chuo Kikuu Huria kinafundisha shahada ya sheria kwa masafa.

Shahada peke yake haikupi uwakili. Lazima upite Shule ya Sheria kwa Vitendo jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha uapishwe na Jaji Mkuu. Usiidharau hatua hiyo. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipoonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu walifaulu bila kurudia. Waziri wa sheria akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Mwakyembe yule yule. Mtangazaji ana hatari yake maalumu hapa. Amezoea kujaza dakika kwa maneno, na mtihani wa sheria unataka jibu lenye mifupa: suala ni lipi, kanuni ni ipi, inatumikaje hapa, hitimisho ni nini. Anza mazoezi mapema. Fungua TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure, chukua hukumu moja kila wiki, uiandike upya kwa nusu ukurasa.

Na usisubiri uwakili ndipo uwe na manufaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliopata mafunzo na kusajiliwa, wanaowaelekeza wananchi na kuwapeleka penye wakili inapobidi. Nenda idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, uliza taratibu za usajili na shirika lililopo karibu linalotoa mafunzo. Naipenda njia hii kuliko zote. Inamtoa mtangazaji kwenye kiti cha kuzunguka cha studio na kumpeleka kwenye benchi la mbao, uso kwa uso na mwenye shida, mahali ambapo huwezi kukata simu.

Kuna jambo la lugha, na hili nalisema kwa moyo wote. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, Kiingereza kikabaki kwa pale haki inapokihitaji. Kwa mtangazaji huo ni ushindi wa bure: chombo chako cha kila siku sasa ndicho chombo cha mahakama. Lakini kwa Bumbuli kuna kingine zaidi. Bibi wa miaka 80 wa Tamota anaweza kueleza kwa Kiswahili kwamba shamba lilikuwa lake. Akitaka kueleza lilipatikanaje, nani alilitoa, ukoo ulikaa wapi siku hiyo na maneno gani yalisemwa, anarudi kwenye Kisambaa. Mkalimani wa haraka huyapunguza maelezo ya robo saa yakawa sentensi tatu. Anayeijua lugha ile kwa undani, na anayejua sheria, ataisikia sentensi iliyobeba kesi nzima na atamwomba bibi airudie taratibu. Huko Ireland watu wa lugha ya Kiayalandi walipigania redio yao mpaka Raidió na Gaeltachta ikafunguliwa 1972, na wakaendelea kudai lugha hiyo isikike mahakamani na ofisini. Redio zetu hutangaza kwa Kiswahili, na Kisambaa kinabaki nyumbani, msibani na shambani. Basi kikuze huko. Kaa na wazee wa Vuga, mahali ambapo watawala wa Kilindi walisikiliza mashauri ya watu wao vizazi na vizazi, uwaulize mambo ya mipaka, mahari na urithi yalivyoamuliwa. Andika. Mila si sheria ya nchi, na pengine inamwonea mwanamke. Ndiyo sababu mwanasheria anayetaka kuibadilisha anapaswa kuijua kuliko wanaoitetea.

Onyo moja kabla sijatoka chuoni. Wengi wanaosoma Lushoto huishia ndani ya mhimili wa mahakama, na ni kazi yenye heshima. Lakini Ibara ya 113A ya Katiba inamkataza jaji, msajili au hakimu wa ngazi yoyote kujiunga na chama cha siasa. Anabaki na haki ya kupiga kura tu. Ukipokea uhakimu ukiwa bado na ndoto ya udiwani moyoni, utalazimika kuacha kimoja. Amua mapema, kwa sababu ajira inapokuja huku ada za watoto zinadaiwa, ni vigumu kufikiri vizuri.

Namna ya kuacha maiki

Hapa ndipo watangazaji wengi wanapochafua jina lao kwa siku chache tu. Wanaanza kusalimia kata moja kila asubuhi kuliko nyingine. Mahojiano na mbunge aliyepo yanakuwa makali ghafla. Misaada kwa kituo cha afya inatangazwa ikiwa na jina la mtangazaji. Wasikilizaji wa milimani wana masikio. Wanalijua hilo kabla ya meneja wa vipindi.

Ushauri wangu ni mkali. Siku moyo unapoamua kwamba utatia nia, kabla hata hujamwambia mjumbe mmoja wa chama, mwandikie mwajiri barua na uombe kutolewa kwenye taarifa ya habari na kwenye kila kipindi kinachogusa halmashauri, kata au chama. Ukibaki kwenye muziki au michezo kwa miezi michache ya kujikimu, sawa, kama mwajiri atakubali. Kadi ya chama ichukue baada ya barua hiyo. Kama umekuwa nayo siku zote, watu waijue tangu mwanzo.

Kuna la simu. Miaka yote ya kupokea wasikilizaji imekuachia namba nyingi kwenye simu na kwenye daftari la studio. Usizitumie kuomba kura. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zilizokusanywa kwa kusudi moja zisitumike kwa kusudi jingine bila ridhaa ya mwenyewe, na hata kama isingekuwepo, mama aliyekupigia kuhusu shamba lake hakukupa namba ili umtumie ujumbe wa kampeni. Vivyo hivyo rekodi za vipindi: ni mali ya kituo. Ziache.

Kumbuka pia kwamba kinga utakayoipata ni nyembamba kuliko unavyodhani. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano bungeni. Haimfuati mbunge gulioni wala kwenye mahojiano ya redio, na diwani hana kinga ya namna hiyo. Neno la kashfa ulilokuwa ukilikata kwenye kipindi, likate na jukwaani.

Siasa yenyewe

Kenya, Mohamed Ali aligombea Nyali akiwa mgombea binafsi akashinda. Tanzania njia hiyo haipo. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania mahakamani kwa miaka, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa ushindi. Hata hivyo Ibara ya 67 ya Katiba bado inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Umri ni miaka 21 na kuendelea, na ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Shahada ya sheria haidaiwi popote.

Maana yake ni kwamba uchaguzi wako wa kwanza uko ndani ya chama. Mwaka 2010, Shellukindo na uzoefu wake wote aliondolewa na kura za maoni za CCM, akaingia January Makamba aliyeiwakilisha Bumbuli kwa vipindi 3. Wajumbe wa chama ndio mlango. Wasikilizaji wako 10,000 hawapigi kura hiyo. Ndiyo sababu nashauri uanzie chini, uenyekiti wa kitongoji au kijiji, kisha udiwani. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo mtu aliyesoma sheria anaonekana mara moja: anadai mapato na matumizi yasomwe, anataka muhtasari wa kikao kilichopita, anauliza kama ugawaji wa ardhi ulipitishwa na mkutano au na watu watatu chini ya mti. Ukifanya hayo kwa heshima, bila kumwaibisha mwenyekiti aliye sawa na baba yako, wajumbe watakujua kwa kazi.

Fedha ni jambo zito. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inaweka ukomo wa matumizi na inakataza hongo kwa wapiga kura. Utaambiwa kwamba bila kuwapa wajumbe nauli na soda huendi popote. Baadhi ya wanaokwambia hivyo wanasema ukweli wa walichokiona. Hata hivyo kataa. Mwanasheria anayenunua kura ameshaonyesha anauza nini, na aliyepokea fedha yako leo atakuwa shahidi dhidi yako kesho. Afadhali ushindwe mara ya kwanza ukiwa msafi, ukirudi wanakumbuka.

Wala sitakuficha hali ilivyo. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifuatwa na vurugu na vifo, intaneti ikazimwa, na tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tundu Lissu, wakili na mwanasiasa, alifunguliwa kesi ya uhaini mwaka huo huo. Anayeingia kwenye siasa sasa, kwa chama chochote, anaingia kwenye nyumba yenye msiba. Zungumza na mke au mume, na wazazi, waziwazi: nini kitatokea ukikamatwa, nani atalipa ada, nani ana nakala za vyeti vyako. Mazungumzo hayo hayafurahishi, ila familia iliyoyafanya haitafutani usiku.

Sasa kalenda. Anayeingia astashahada mwishoni mwa 2026, akaunganisha na stashahada, atakuwa amemaliza kabla ya uchaguzi wa vijiji na vitongoji, ambao kwa mzunguko wa miaka mitano, ukihesabu kutoka Novemba 2024, unaangukia 2029. Mwaka unaofuata ni wa madiwani na wabunge. Kwa hiyo miaka hii mitatu usiijaze siasa hata kidogo. Ijaze masomo, msaada wa kisheria, na kile kipindi cha dakika 15 cha tarehe na hatua. Ongeza na jalada moja: barabara ya Soni hadi Bumbuli na kuendelea Dindira na Korogwe imekuwa ahadi ya kila kampeni. Tafuta kila bajeti iliyoitaja, weka jedwali la kiasi kilichotengwa na kilichotolewa, ulisasishe kila Juni. Siku utakaposimama mbele ya wajumbe, au mbele ya hakimu ukimwakilisha mkulima ambaye lori la majani limekwama kwenye tope akakosa malipo, utakuwa na karatasi mkononi.

Barua ya kuomba fomu za kujiunga na chuo iandike wiki hii, na ukiwa Lushoto mjini pita masjala ya mahakama uulize ratiba ya kesi zilizo wazi. Kaa benchi la nyuma. Usirekodi, usiandike habari. Sikiliza namna hakimu anavyomnyamazisha wakili anayehutubia, na namna anavyomsubiri shahidi anayetafuta neno.